Mtu Aliyeanzia Nyuma ya Gari

Fundi hakuwa mtu wa kufungua boneti. Ukimpelekea gari lililoishiwa nguvu, wenzake wote wa yadi ile ya jua kali wangekimbilia mbele, wainue boneti, waingize vichwa ndani na kuanza kubishana. Yeye angezunguka taratibu hadi nyuma, avute suruali kidogo magotini, achuchumae, na kuweka kiganja mbele ya bomba la moshi, umbali wa mkono mmoja hivi. Kisha angesema, "Washa." Angekaa pale dakika mbili tatu, moshi ukimpita vidoleni, macho ameyafumba nusu. Akiinuka tayari ana jibu, na mara nyingi lilikuwa jibu sahihi.

Mimi nilikuwa mwalimu wa fizikia katika shule moja ya upili hapa Eldoret, na nilikuwa nimepanga nyumba Munyaka, mlango wa tatu kutoka kwake. Nilitoka upande wa ziwa. Mji huu niliuona wa baridi sana, na watu wake hawasemi mambo mengi mpaka wakuzoee. Nina ugonjwa mmoja tangu utotoni: siwezi kuona kitu kinafanya kazi nikapita bila kuuliza kwa nini. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipompelekea kigari changu, nikamwona amechuchumaa nyuma yake kama daktari, nilijua nitarudi hata kigari kikiwa kizima. Nilirudi kwa miaka mingi. Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, sijui na sikuuliza. Habari za ekzosi, yaani bomba la moshi, zilitutosha.

Kuna mtu wa tatu katika habari hii, anaitwa Barasa, na kusema kweli ni kwa ajili yake naandika. Barasa alikuwa makanika wa injini katika yadi ile ile, mtu mzima mwenye mke na watoto wawili, na alipoteza jina lake lote la kazi kwa sababu ya bomba moja. Nitafika huko. Lakini kwanza lazima umjue Fundi, la sivyo utamwona mtu mbaya tu, na mtu mbaya hakuwa.

Imani yake ya kwanza ilikuwa kwamba gari hupumua kwa nyuma. Watu, alisema, wanahangaika na kinachoingia: petroli, hewa, mafuta. Hakuna anayeuliza kile kilichokwisha kutumika kinatokaje. Miaka ile ndipo magari yenye turbo yalikuwa yameanza kuonekana huku kwetu, hasa kwa vijana wa wakulima wa ngano waliopenda mashindano ya mbio za magari. Wote waliisifu turbo, wakaitamka kwa heshima, na nikagundua kwamba hakuna hata mmoja aliyeweza kuniambia ni kitu gani. Nikamuuliza Fundi.

"Mwalimu, umewahi kuona kinu ya maji?" akaniuliza naye.

Nikamwambia nimeona, ya kusagia mahindi.

"Maji inapiga gurudumu, gurudumu inazunguka, mahindi inasagika. Sasa wewe niambie. Hiyo maji ikishapiga gurudumu inaenda wapi?"

"Inateremka, inarudi mtoni."

"Na mimi nikikuja niizibe hapo inateremkia?"

Nikafikiri kidogo. "Maji itajaa nyuma ya gurudumu. Gurudumu itasimama."

"Hata kama mto imejaa?"

"Hata kama mto imejaa."

"Basi," akasema, akaokota spana yake. "Umeshajua turbo."

Nilirudi nyumbani nikachora karatasi tatu. Alikuwa amesema kweli yote kwa maneno machache kuliko kitabu changu. Turbo ni feni mbili kwenye mhimili mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha ya kwanza, na kwa kuwa zimeshikana na mhimili mmoja, ya pili nayo inazunguka na kusukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu. Hewa nyingi, petroli nyingi, mbio nyingi. Lakini ile feni ya kwanza haizungushwi na moshi kwa sababu tu moshi upo. Inazungushwa kwa sababu upande mmoja moshi umebanana na upande wa pili kuna nafasi. Ukiziba nyuma, pande zote mbili zinabanana sawa, feni inalegea, hewa inapungua, na joto ambalo lingetoka na moshi linabaki ndani kupika injini. Dereva anakanyaga, na gari linamjibu kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati.

Kulikuwa na dereva mmoja mbishi aliyekuja kila wiki kudai kwamba injini lazima ibanwe kidogo nyuma, la sivyo inakosa nguvu. Huo ni uvumi wa zamani na haukosi wafuasi. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba jambo moja: aingize kitambaa mdomoni, apande kwa mbio kile kilima cha kutoka daraja la Sosiani, halafu arudi wabishane. "Gari ingine isiyo na turbo, hapo tunaweza kuongea," akamwambia. "Kuna bomba inaweza kuwa kubwa sana. Lakini hii yako, ikishapita kwa ile feni, ipe njia iende." Dereva alikataa kitambaa, lakini bomba jipya alilikubali.

Mambo yake mengine hayakulingana, na mimi nilipenda kuyaweka pamoja na kuyatazama. Alikuwa ndiye mtengenezaji wa makelele yote ya mji, na pikapu yake mwenyewe ilikuwa kimya kuliko gari lolote Munyaka. Ungeishtukia tayari iko mlangoni. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kuomba kwa sauti ya chini kabisa, na Jumapili mtu akipita nje ya kanisa na gari lenye bomba wazi alikunja uso kwa hasira, kumbe bomba ni lake. Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama, alikuwa akimtania: "Yeye anauzia watu kelele, halafu anakuja kutafuta usingizi kwangu." Sifa hakuzipenda hata kidogo. Lakini gari alilolirekebisha likiondoka, ungemwona ameacha kila kitu, amesimama na nyundo mkononi, mpaka lipande kilima chote na sauti iishe.

Neno "pole" halikuwa katika msamiati wake. Siku moja alinikanyaga kidole cha mguu kwa buti lake la chuma nikapiga kelele yadi nzima ikageuka. Akanitazama kwa huruma ya kweli, akanisogezea kigogo nikae, akaniletea maji. Kisha akasema, "Mguu wako ilikuwa kwa njia." Nilicheka mpaka maumivu yakapungua. Na kuhusu kazi yake alikuwa na kauli moja, ambayo vijana wa yadi waliiga sauti yake wakiisema: "Bomba yangu haikosei."

Halafu kulikuwa na magunzi. Fundi alipotaka kuunganisha vipande viwili vya bomba, hakuwa na kifaa cha kuvishikilia vilingane. Alichukua gunzi kavu la mahindi, na huku kwetu magunzi hayakosi popote, akalichonga kwa panga likaingia sawasawa, nusu katika kipande hiki na nusu katika kile. Bomba likanyooka lenyewe, akalichomea pande zote, na gunzi likabaki ndani. Hakulitoa. Karibu mara zote lilikuwa kwenye kiungo cha mwisho kabisa, karibu na mdomo wa bomba. Gari likiwashwa na kukanyagwa mara tatu, lilitoka lenyewe kwa mshindo, jeusi, likatua hata mita kumi. Yadi nzima ilisimama kutazama. Watu walijipanga pembeni, mama wa chai akafunika sufuria yake, na likitoka walishangilia. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiacha kusahihisha madaftari nikisikia kuna gunzi litatoka.

Sasa nifike kwa gari la Kiprono.

Kiprono alikuwa mkulima wa Kiplombe, kijana aliyerithi ngano na kupenda mbio. Gari lake lilikuwa jekundu, la milango miwili, lenye turbo, na lilikuwa limekwisha kufunguliwa nguvu zaidi ya ile liliyotoka nayo kiwandani. Bomba lake lilikuwa wazi kutoka kwenye turbo mpaka nyuma, kazi ya Fundi, na lilisikika kutoka mbali sana. Siku moja lilipita karibu na uwanja ambapo kulikuwa na baraza, na mkubwa fulani alikuwa akihutubia. Hotuba ikakatika. Kesho yake ujumbe ulimfikia Kiprono kwamba gari hilo litulizwe kabla ya baraza linalofuata, ambalo lilikuwa keshokutwa. Miaka ile ujumbe kama huo hukuuliza umetoka kwa nani. Ulifanya ulichoambiwa, ukashukuru kwamba umeambiwa kwa mdomo.

Wiki hiyo hiyo Barasa alikuwa ameshika injini ya gari lile. Alikuwa amerekebisha turbo isukume zaidi kidogo, na kwa akili nzuri akaongeza petroli, kwa sababu injini ya turbo inayopewa hewa nyingi na petroli kidogo huyeyuka. Fundi akaletewa gari kutoka kwake moja kwa moja, akafunga sailensa kubwa ya kumeza kelele katikati ya bomba kwa haraka sana, na gari likapita baraza likiwa limetulia kama la padri.

Lakini lilikuwa limekufa nguvu. Kiprono alirudi baada ya siku mbili, uso umevimba kwa hasira. "Hii gari hata trekta inanipita! Inachemka, inakataa kupanda. Nani ameiharibu?"

Waliokuwa wamegusa gari lile walikuwa wawili tu. Barasa akafungua turbo pale pale, akaikagua, akaifunga. Akaifungua mara ya pili siku iliyofuata, na ya tatu. Hakuona kitu. Nilikuwepo alipomwendea Fundi, mikono ameifuta vizuri kwa heshima, akasema polepole, "Mzee, mimi nimeangalia huku mbele yote. Labda tuangalie nyuma kidogo."

Mtu aliyetufundisha sote kuanzia nyuma hakuinuka hata kwenye kigogo chake. "Bomba yangu haikosei," akasema, na safari hii hapakuwa na aliyemwiga. "Kiprono, uliza yule alishika turbo."

Nyani haoni kundule. Methali hiyo ilinijia siku hiyo hiyo, nikaimeza.

Katika yadi ile neno la Fundi lilikuwa kama muhuri. Kiprono alimwita Barasa mwizi mbele ya watu, akadai kwamba ametoa kitu kizuri ndani ya turbo na kuweka kibovu. Barasa alijitetea mpaka akakauka koo. Siku zilizofuata wateja wake walianza kupita mbele yake wakiangalia chini. Mwenye lori alichukua lori lake, mwenye teksi akachukua teksi yake. Hazikupita wiki tatu kabla Barasa hajafunga kisanduku chake cha vyuma, akakiweka begani na kutoka. Hakumuaga mtu. Mama wa chai alimkimbilia na kikombe, akakikataa.

Na gari bado lilikuwa bovu.

Hilo ndilo lililomtesa Fundi. Barasa ameondoka, turbo ameibadilisha makanika mwingine, na gari halipandi. Jumamosi asubuhi alikuja mlangoni kwangu. "Mwalimu," akasema, "ile kitu yako ya kupima upepo shuleni, unaweza kuazima?"

Nilileta bomba la kioo lenye maji tunalotumia kuwaonyesha wanafunzi nguvu ya hewa. Tulilifunga kwenye kitundu alichotoboa mbele ya sailensa, tukawasha gari, tukakanyaga. Maji yalisogea kidogo tu. Nilifurahi kwa nusu dakika, kisha nikaona ujinga wangu. Gari lililosimama halina mzigo, na lisilo na mzigo halitoi moshi wa kutosha. Ilibidi kupima likipanda kilima, na huwezi kupanda kilima umebeba kioo cha maji.

Dada yangu ni muuguzi. Alikuwa na mashine ya kupimia presha ambayo mfuko wake wa kufunga mkononi ulikuwa umepasuka, lakini ile saa yake yenye mshale ilikuwa nzima. Nikaiomba. Fundi akachomea kibomba chembamba cha breki kwenye kile kitundu, akakizungusha mara nyingi ili kipoe, akaunga mpira mpaka ndani kwenye kiti. Mimi nikashika saa mapajani, yeye akaendesha. Kiprono alikuwa shambani. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile katika maabara yoyote. Tulivuka daraja la Sosiani, akakanyaga mpaka mwisho, na mshale ukaanza kupanda. Mia. Mia na hamsini. Ulipita mia mbili ukakaa hapo ukitetemeka, na gari linanguruma tu bila kwenda.

"Ngapi?" akauliza.

Nikamwambia. Tulishuka chini, akaingia chini ya gari kwa shati lake zuri, akafungua sailensa na kuiweka nyuma ya kiti. Tukapanda tena. Kelele ilitoka watu wakatoka dukani. Mshale uligusa thelathini ukakataa kuendelea, na gari lilipaa kilima kile mpaka nikashika mlango. Nilianza kucheka kwa sauti, kwa sababu nilikuwa nimeona kitu nilichokifundisha miaka yote kikitokea mapajani mwangu. Kisha nikamwona uso.

Tuliikata sailensa kwa msumeno nyuma ya nyumba yake. Shingoni mwake kabisa, pale moshi unapoingilia, gunzi lilikuwa limesimama wima limeziba njia karibu yote. Alikuwa amelitumia kwenye kiungo cha mbele, kwa haraka ya lile baraza, badala ya kile cha nyuma. Halikuwa na pa kutokea. Alikuwa ameamini kwamba joto litalimaliza.

Nililishika. Lilikuwa jepesi, jeusi, na lililia kama kigae nilipoligonga. Lilikuwa limegeuka makaa. Nikaelewa, na samahani, nilifurahi kuelewa. Petroli nyingi ya Barasa ilikula hewa yote ndani ya injini. Moshi uliofika nyuma ulikuwa wa moto sana lakini hauna hewa ya kuunguza chochote mpaka kiwe jivu, na kila mtu wa huku anajua kuni zikiwaka bila hewa huwa nini. Ndiyo maana wachoma makaa hufukia tanuri kwa udongo. Nikamweleza haya yote kwa haraka, nikichora chini kwa kidole.

"Kwa hivyo Barasa alifanya poa," akasema.

"Alifanya vizuri kabisa."

Alikaa chini, mgongo ukutani, mikono juu ya magoti. Nilimwonea huruma sana, hilo nalisema wazi. Alikuwa mzee, na mtu wa kwanza katika mji huu kuniuliza nimekula. Kisha akasema, "Mwalimu, hii ibaki hapa."

Nikasema, "Sawa, Mzee."

Maneno mawili tu. Alitengeneza sailensa nyingine pana, isiyo na gunzi, na gari likawa na nguvu na utulivu pamoja. Kiprono alipokuja kulichukua alimpiga Fundi begani, akacheka, akasema yadi isikie, "Nilijua tu! Mzee amerekebisha uharibifu ya huyo mtu." Fundi hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia. Aliinama kuokota vyuma vyake, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale na kikombe changu cha chai.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri kwangu, na hilo linaniumiza nikiandika. Nilipata somo bora kuliko yote niliyowahi kufundisha. Kila mwaka niliwaambia kidato cha tatu habari za gari moja, gunzi moja na saa ya presha, nikaficha majina, na walipenda sana. Wengine walichagua fizikia kwa sababu yake. Fundi naye aliendelea, lakini magunzi aliyaacha. Alinunua kipande cha chuma cha kushikilia mabomba, na watu wakamuuliza onyesho limeenda wapi, akasema magunzi ya siku hizi ni madogo. Habari za Barasa zilikuja vipande vipande. Mara alikuwa akirekebisha baiskeli barabarani. Mara mkewe amerudi kwao na watoto. Mara yuko Chepsaita, anashika matrekta. Habari hizo zikitajwa mbele ya Fundi, alikuwa akiuliza kitu kingine.

Kisha mwaka ule ambao watu walikuwa wameanza kunong'ona kuhusu vyama vingi, alibisha mlangoni kwangu Jumamosi asubuhi. Alikuwa amevaa koti la kanisani na kofia. Kazi alikuwa ameiacha, na masikio yalikuwa yamekwenda kabisa. Kuongea naye ilibidi uiname sikioni na kupaza sauti mpaka majirani wajue mnachopanga.

"Uko na petroli?" akaniuliza.

Nikamwonyesha kwa kidole gumba kwamba iko.

"Twende Chepsaita."

Tulimkuta Barasa chini ya kibanda cha mabati, injini ya kusukuma maji imefunguliwa mbele yake juu ya gunia. Wateja wanne au watano walikuwa wamekaa wakisubiri. Nywele zake zilikuwa zimeingia mvi, na alikuwa mwembamba kuliko nilivyomkumbuka. Alituona tukishuka, akaweka spana chini.

"Mzee," akasema. "Mwalimu."

Fundi akavua kofia. Aliongea kwa sauti kubwa, kama waongeavyo watu wasiosikia sauti zao wenyewe, na kila neno lilifika barabarani. "Barasa. Ile gari ya Kiprono, ilikuwa bomba yangu. Turbo yako haikuwa na makosa. Petroli yako haikuwa na makosa. Nilijua, nikanyamaza, na wewe ukaitwa mwizi. Nimekuja kusema pole."

Sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo. Wateja walitazamana. Barasa alichukua kitambaa, akafuta vidole kimoja kimoja.

"Muulize alijua lini," akaniambia.

Nikainama nikauliza. "Mwezi ule ule uliondoka," Fundi akajibu. "Hata mwezi haikuisha."

Barasa akaitikia kwa kichwa polepole. "Miaka mbili nilikuwa naziba pancha ya baiskeli," akasema, na alikuwa akiisemea ile injini iliyo chini. "Kila mwenye gari akiniona anashika mfuko yake. Mama ya watoto alisema hawezi kukaa na mwizi. Siku hiyo angenifuata na hiyo maneno, ningerudi. Kisanduku ilikuwa bado hata sijafungua." Kisha akainua uso, na hakumtazama Fundi. Alinitazama mimi. "Na wewe, Mwalimu? Wewe ulijua lini?"

Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kuwa dereva. Hilo ndilo jambo nililolifikiria: nitamfikisha mzee, nitasimama kando, watu wawili watamaliza yao.

Fundi akanivuta mkono. "Amesema nini?"

Ningeweza kumwambia chochote. Ningeweza kumwambia Barasa amepokea, twende zetu, na mzee angerudi Munyaka akiwa na amani. Nikainama sikioni mwake, na kwa ile sauti yangu ya darasani, mbele ya watu wote wale, nikasema, "Anauliza mimi nilijua lini! Namwambia nilijua siku moja na wewe!"

Fundi alitikisa kichwa kwa nguvu. "Mwambie ni mimi nilikunyamazisha," akasema. "Mwambie Mwalimu hana makosa."

"Hapana, Mzee," Barasa akasema kwa sauti ya kawaida, akiokota spana yake. "Mwalimu ako na mdomo yake."

Fundi hakulisikia hilo, akanitazama akingoja nimfikishie. Sikuinama tena. Lile halikuwa la kumfikishia yeye.